Shahidi wa dola 300: kuanza upya baada ya kufutiwa madeni

Wazee wetu, shikamooni. Ndugu zangu wengine wote, habari za jioni. Mwenyekiti kanipa dakika ishirini na amekaa pale mbele na simu yake anahesabu, kwa hiyo salamu naomba ziishie hapo.

Alinipigia majuzi akasema, "Dada, njoo utuzungumzie habari za fedha." Nikamjibu kwamba mimi ujuzi wangu ni wa kuzikosa. Akacheka, akasema ndiyo hizo hizo tunazozitaka. Haya basi. Nitasema mbele yenu jambo ambalo kwa miaka mitatu nilimficha hata dada yangu wa tumbo moja. Mimi nilifilisika. Sisemi niliishiwa, kuishiwa ni desturi yetu sote ikifika tarehe 25. Nilifilisika kwa karatasi, katika mahakama ya shirikisho, chini ya ile inayoitwa hapa Marekani Sura ya 7 ya sheria ya ufilisi, na namba ya kesi ninayo mpaka leo.

Naona wengine mmeinamisha macho. Inueni tu, haiambukizi.

Ilianza na upasuaji. Bima ililipa sehemu, iliyobaki ikaniangukia mimi. Nikiwa bado natembea nimeshika ubavu, baba akafariki nyumbani. Mnajua simu ya saa tisa usiku inavyolia. Tiketi ya ndege, jeneza, chakula cha waombolezaji, na mimi ndiye "mtoto aliyeko Amerika". Nilikwenda kwenye mashine ya benki nikachomoa fedha taslimu kwa kadi za krediti, moja baada ya nyingine, kama mtu anayekamua ng'ombe. Sikujua kwamba fedha taslimu ukizitoa kwa kadi ya krediti, riba inaanza kuhesabiwa siku ile ile, haisubiri mwisho wa mwezi, na juu yake kuna ada ya kutolea. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Mimi nilikopa matanga yenyewe.

Na kwa kuwa nimelelewa kwamba dawa ya deni ni kulipa, nililipa. Miaka miwili nililipa. Nitawapa hesabu ya kadi moja tu: deni dola 6,000, riba asilimia 27 kwa mwaka. Riba ya mwezi mmoja hapo ni dola 135. Mimi nilikuwa natuma 180, najiona mwaminifu, kumbe kinachopunguza deni ni 45 tu. Mwezi gari likiharibika nanunua tairi kwa kadi ile ile, na zile 45 za miezi miwili mitatu zimerudi zilikotoka.

Sitawachosha na habari za mahakamani, kwani kwa kweli ni fupi kuliko tunavyoogopa. Ada ya kufungua kesi dola 338, mbali na wakili. Somo moja la ushauri wa fedha kabla ya kufungua, somo jingine baadaye. Halafu mkutano na mfilisi aliyeteuliwa, unaapishwa, unaulizwa maswali. Nilivaa suti nyeusi kama naenda kuzika tena. Wadai wote walialikwa, hakuna aliyekuja hata mmoja, na ndani ya dakika saba nilikuwa nje kwenye korido natafuta lifti. Baada ya miezi kadhaa ikaja kwa posta karatasi ya jaji: madeni yamefutwa. Si yote, kumbukeni. Mikopo ya masomo kwa kawaida haiguswi, matunzo ya watoto hayaguswi kabisa, na kodi nyingi za serikali zinabaki.

Nyongeza kidogo hapo, maana najua wengi humu tunafanya kazi ya uuguzi na kutunza wazee, na kuna uvumi unazunguka. Sheria ya ufilisi inaikataza serikali kukunyima au kukunyang'anya leseni ya kazi kwa sababu tu ulifilisika. Inamkataza pia mwajiri binafsi kukufukuza kwa sababu hiyo peke yake. Na kufilisika si kosa la jinai. Kwa hiyo yule anayekunong'oneza kwamba utafungwa, mwambie akuoneshe kifungu.

Sasa nije kwenye nilichoitiwa, yaani kesho yake. Maana kesho yake ndiyo hakuna aliyenifundisha.

Siku chache baada ya ile karatasi ya jaji, sanduku langu la barua lilijaa. Gari jipya, "hata kama umefilisika". Kadi ya krediti, "umeshakubaliwa". Nilishangaa, juzi nilikuwa mwenye ukoma, leo wote wananipenda. Wakili wangu ndiye aliyenifumbua macho. Kesi za ufilisi ni kumbukumbu za wazi, mtu yeyote anaweza kuzisoma. Na mtu aliyefutiwa madeni kwa Sura ya 7 hawezi kufutiwa tena kwa Sura hiyo mpaka ipite miaka 8 tangu afungue kesi ya kwanza. Kwa mkopeshaji mwenye tamaa wewe ni mteja mzuri sana: huna deni lingine, huna pa kukimbilia, na umezoea kukubali riba yoyote. Bahasha zile nilizichana zote. Najisifu hapa kwa sababu ni uamuzi wangu mzuri wa pekee mwaka ule.

Hebu tuelewane alama za krediti ni kitu gani, kisha tutafute kadi. Ni namba ambayo wakopeshaji huitumia kukisia kama utalipa. Alama zinazotumika zaidi ni za kampuni iitwayo FICO, zilizoanza mwaka 1989, nazo zinakwenda kuanzia 300 hadi 850. Asilimia 35 ya alama ni kama umelipa kwa wakati. Asilimia 30 ni kiasi unachodaiwa, hasa ukilinganisha na kikomo cha kukopa ulichopewa. Asilimia 15 ni umri wa akaunti zako, na zilizobaki zinagawanywa nusu kwa nusu kati ya maombi mapya na mchanganyiko wa aina za mikopo. Tazama kisichokuwemo. Mshahara haumo. Fedha unazotuma nyumbani kila mwezi miaka kumi bila kukosa, hazimo. Michango yote ya misiba na harusi uliyotoa katika jumuiya hii, haimo. Kodi ya nyumba mara nyingi haimo pia. Mtu anaweza kuwa nguzo ya ukoo mzima na kompyuta ikamwona hana sifa. Nililichukia jambo hili, na bado nalichukia kidogo. Lakini nilipoacha kuligombeza nikaanza kuliona lilivyo: ile kompyuta haihukumu tabia, inasoma ushahidi ulioletwa mezani, na ushahidi unaletwa na watu wa aina fulani tu.

Sasa mtu aliyefilisika ana shida gani mbele ya meza hiyo? Tunadhani shida ni lile doa. Doa lipo, Sura ya 7 inaweza kukaa kwenye ripoti ya krediti, yaani kumbukumbu ya mikopo yako, miaka 10 tangu siku ya kufungua kesi, na Sura ya 13, ile ya kulipa kidogo kidogo kwa miaka 3 hadi 5, kwa kawaida huondolewa baada ya miaka 7. Lakini uzito wa doa hupungua mwaka hadi mwaka. Shida kubwa ni ukimya. Kadi zako zote zimefungwa. Mashahidi wa zamani wameshasema mabaya yao wakaondoka, na hakuna mpya anayesimama kusema, "Mwezi huu kalipa." Mtu akikuambia kaa mbali na mikopo miaka 10, utakuwa msafi, mpende lakini usimsikilize. FICO ili itoe alama inahitaji angalau akaunti moja yenye umri wa miezi sita, na iwe na taarifa iliyoletwa ndani ya miezi sita iliyopita. Ukinyamaza kabisa unaweza usiwe hata na alama.

Kadi ya kuanzia kazi yake ni hiyo moja, kuwa shahidi. Ukiitafutia kazi ya pili, kama kukuvusha mwisho wa mwezi au kukununulia simu, utaiharibu ile ya kwanza.

Lakini kabla ya kuleta shahidi mpya, sikiliza wa zamani wanasema nini. Ripoti zako ziko kwenye kampuni tatu, Equifax, Experian na TransUnion, na unaweza kuziona bure kila wiki kwenye tovuti moja iliyowekwa kwa kazi hiyo, AnnualCreditReport.com. Mimi nilikaa miezi mitano bila kufungua. Aibu. Niliogopa kuliona jina langu limeandikwa lile neno. Mficha uchi hazai, na mimi niliuficha uchi wangu kwenye droo ya jikoni pamoja na betri zilizokufa. Nilipofungua nikakuta deni moja, dola 2,140, limeandikwa kwamba bado nadaiwa na limechelewa, wakati lilikuwa kwenye orodha ya kesi na jaji amelifuta. Deni lililofutwa linapaswa kuonesha kwamba limeingizwa kwenye ufilisi na salio ni sifuri. Kwa miezi ile mitano lilikuwa linanichafua kila mwezi kama jipya.

Nilifanya hivi: nikatoa nakala ya ukurasa wa orodha ya madeni wenye jina la mdai yule, nikaupigia mstari, nikaambatisha amri ya jaji, nikaandika barua ya aya mbili kwa kila kampuni ambayo ripoti yake ilikuwa na kosa, nikazipeleka posta kwa njia ya kusainiwa. Sheria ya ripoti za krediti, ambayo ni ya mwaka 1970, inawapa kwa kawaida siku 30 wachunguze. Kampuni mbili zilirekebisha. Ya tatu ilijibu kwamba "imethibitisha" deni ni sahihi. Nilikaa jikoni nikalia. Kisha nikatuma tena, karatasi zile zile, safari hii nikaongeza sentensi moja yenye tarehe ya amri na namba ya kesi, wakarekebisha. Sijui kilichobadilika. Labda safari ya pili ilisomwa na binadamu.

Sasa kadi. Kuna kosa langu hapa ambalo nalitoa sadaka. Nilikwenda dukani nikaona kadi zimetundikwa karibu na mlango, unaweka fedha, unatumia, ina nembo ile ile ya kadi kubwa. Nikasema ndiyo hii. Miezi minane nilikuwa naijaza kwa nidhamu ya mtawa. Siku nilipoangalia ripoti, hakuna kitu, hata mstari. Ile ilikuwa kadi ya kujaza fedha, ndugu ya kadi ya benki ya kawaida. Unatumia fedha zako mwenyewe, hakuna aliyekukopesha, kwa hiyo hakuna cha kushuhudia.

Inayotakiwa ni kadi ya dhamana. Unaweka amana benki, mara nyingi dola 200 au 300, na benki inakupa kikomo cha kiasi hicho. Amana inakaa pembeni, haiguswi. Ukinunua, unakopa kweli. Mwisho wa mwezi unaletewa taarifa na unalipa kutoka mfukoni. Watu wengi hukwama hapo hapo: wanadhani ukinunua kitu cha dola 20 inakatwa kwenye amana. Haikatwi. Amana ni ya siku utakapokimbia. Ukifunga akaunti huna deni, unarudishiwa. Baadhi ya benki hupitia akaunti yako baada ya miezi kadhaa ya malipo mazuri, zinakurudishia amana na kuigeuza kadi kuwa ya kawaida bila kukufungia.

Maswali ya kuuliza kabla ya kuweka hata senti: Je, mnapeleka taarifa kwa kampuni zote tatu? Ada ya mwaka ni kiasi gani? Mnampokea mtu aliyefilisika, na ni lazima kesi iwe imefungwa? Kuna njia ya kugeuka kuwa kadi ya kawaida? Swali la kwanza wakibabaika, aga uondoke. Na usipeleke maombi kwenye benki uliyoiachia hasara kwenye kesi. Kompyuta zao hazisahau, na kila ombi rasmi linaacha rekodi ya ukaguzi kwenye ripoti, inayokaa miaka miwili. Anzia kwenye ushirika wa akiba na mikopo. Sisi Sacco tunazijua tangu kwetu, hapa nazo zipo, na zile zilizosajiliwa na serikali ya shirikisho zina ukomo wa riba, asilimia 18 kwa mikopo mingi, kadi zikiwemo. Mimi nilipata ya kwangu huko, kutoka kwa mama mmoja aliyesoma karatasi ya jaji, akaikunja, akanirudishia, akaniuliza kama nataka kadi ya buluu au ya kijani.

Jihadharini na kadi zisizo na amana zinazojigamba kumpokea kila mtu. Sheria ya kadi za krediti ya mwaka 2009 inasema ada za mwaka wa kwanza zisizidi asilimia 25 ya kikomo. Vizuri. Lakini kikomo kikiwa dola 300, hiyo ni dola 75, na wanaichukua yote siku ya kwanza kutoka kwenye kadi yenyewe. Hujanunua hata peremende, robo ya kadi imeshaliwa na riba inakusubiri. Na zile ada wanazodai kabla akaunti haijafunguliwa haziingii kwenye ukomo huo. Mwaka wa pili unaweza kuanza kutozwa ada ya kila mwezi. Nikilinganisha, dola 300 za dhamana zinarudi. Dola 75 zile zimekwenda.

Kadi yangu ilikuja kwenye bahasha nyeupe, buluu, kikomo 300. Nikaitumia nilivyodhani mtu mwaminifu anavyotumia: nikanunua vyakula vya mwezi mzima, dola 240, na tarehe ya mwisho wa kulipa nikalipa zote 240. Alama zikashuka! Nilitaka kuitupa.

Hili nataka mlisikilize kwa makini, wapiga picha mtatupiga baadaye. Kadi ina tarehe mbili. Kuna tarehe ya kufunga hesabu, siku taarifa yako inapotengenezwa. Na kuna tarehe ya mwisho wa kulipa, ambayo kisheria huja angalau siku 21 baada ya taarifa kutumwa. Tunaitazama ya pili peke yake kwa sababu ndiyo yenye vitisho. Lakini mara nyingi kinachopelekwa kwenye zile kampuni tatu ni salio la siku ya kufunga hesabu. Siku ile salio langu lilikuwa 240 kati ya 300, asilimia 80. Kompyuta haikuona mwanamke anayelipa kila kitu. Iliona mtu aliyeitafuna kadi yake karibu yote, mwaka mmoja baada ya mahakama. Kwamba wiki tatu baadaye nililipa, shahidi alikuwa ameshatoka kizimbani.

Mwezi uliofuata nikabadilisha. Nikafunga kitu kimoja tu kwenye kadi, bili ya simu, dola 25. Ishirini na tano kati ya 300 ni chini ya asilimia 9. Watu husema usizidi asilimia 30. Mimi nasema kwa kadi ndogo lenga chini ya 10, maana kwenye kikomo cha 300 asilimia 30 ni dola 90, na dola 90 zinaisha kwa petroli na sabuni kabla hujageuka. Ukilazimika kununua kikubwa, kilipe kabla ya siku ya kufunga hesabu, ubakize kidogo tu kionekane. Uzuri ni kwamba katika fomula nyingi zinazotumika leo, uchafu wa salio kubwa haukai. Mwezi ujao salio likiwa dogo, alama zinapanda tena. Kuchelewa kulipa ndiko kusikosameheka haraka. Ukipitisha siku 30 linaandikwa, na linaweza kukaa miaka 7.

Kwa hiyo weka malipo yajilipe yenyewe benki, na uchague walipwe salio lote la taarifa, usichague kile kiwango cha chini kabisa. Piga simu uombe tarehe ya kulipa isogezwe iwe siku mbili tatu baada ya mshahara. Benki nyingi hukubali. Kisha usiisahau akaunti. Sisi wa zamu za usiku tunajua, unaamka hujui ni Jumanne au Alhamisi. Mimi nilikuwa naitazama kila Jumapili kabla ya kanisa, dakika mbili, niko na kanga, chai mkononi: fedha zipo kwenye akaunti ya benki? malipo yametoka? Basi.

Na jamani, kadi hii isitume fedha nyumbani. Najua app zinakubali. Benki nyingi huhesabu kutuma fedha kwa kadi ya krediti kama kuchukua taslimu, na mmeshasikia taslimu ilinifanya nini. Tuma kutoka akaunti ya benki, hata kama ni kidogo, hata kama shangazi atanuna.

Nikishafika kwa shangazi, niseme la udhamini. Baada ya miezi kadhaa alama zikipanda, habari zitavuja. Atakuja binamu: "Nisainie tu gari, nitalipa mwenyewe." Akichelewa, ripoti inayoandikwa ni yako. Mimi huwa najibu kwamba wakili wangu kanikataza. Kesi iliisha zamani na wakili hata jina langu nadhani kalisahau, lakini jibu hili halijawahi kupingwa na mtu yeyote wa ukoo wetu. Kinyume chake kipo pia na kinafaa: mume, mke au dada mwenye kadi ya zamani iliyotulia anaweza kukuongeza kama mtumiaji kwenye akaunti yake, historia yake ikakufaa. Ila akivuruga yeye, unachafuka na wewe. Nani utamwomba, hilo ni la moyo wako.

Kuna na hawa wanaotangaza kwenye magrupu yetu ya WhatsApp: "Tunafuta kufilisika, lipa dola 800 kwanza." Habari ya kweli iliyo ndani ya muda wake haifutiki, na kosa unaweza kulipinga mwenyewe kwa gharama ya stempu. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1996 inakataza kampuni za kurekebisha krediti kuchukua malipo kabla hazijamaliza kazi. Akianza na "kwanza lipa", ameshavunja sheria kabla hujamjua jina. Na anayekuuzia namba mpya ya tarakimu tisa uitumie badala ya namba yako ya Hifadhi ya Jamii, yaani Social Security, huyo anakuuzia kesi ya jinai. Wengine humu bado tuna faili uhamiaji. Sitaongeza neno.

Mwenyekiti ananionesha vidole vitatu. Haya.

Mtataka kujua nilifika wapi. Nilianza na 538. Mwaka na miezi miwili baadaye, kadi moja ile ile, bili ya simu ile ile, nilikuwa 651. Mwezi wa kumi na moja amana yangu ilirudi, hundi ya dola 300. Niliiweka mezani siku nne sikuipeleka benki, nilikuwa naipita naitazama. Kadi sikuifunga, ninayo; umri wake ndio unaonibeba. Nyumba sijanunua bado, ila nimejua mlango uko wapi: mkopo wa nyumba wenye bima ya FHA, idara ya makazi ya serikali ya shirikisho, kwa kawaida unasubiri miaka 2 tangu kufutiwa madeni kwa Sura ya 7, na ule wa kawaida wa Fannie Mae, kampuni kubwa inayonunua mikopo ya nyumba kutoka kwa benki, miaka 4. Hiyo miaka inapita tu yenyewe, utake usitake. Tofauti ni kama ikifika utakuwa na mashahidi au hutakuwa nao.

Kule nyuma, karibu na birika la chai, kuna kompyuta mbili na kijana wa mwenyekiti anayejua kuzitumia. Anayetaka kuiona ripoti yake leo aje na namba yake ya Hifadhi ya Jamii kichwani, asiitaje kwa sauti, aiandike mwenyewe. Utaulizwa maswali kama vile mtaa uliowahi kuishi zamani, kwa hiyo kumbukeni anwani zenu za mwanzo, zile nyumba tulizolala sita sita. Tumegeuza skrini zikatazama ukuta ili mtu asichungulie. Na mzee aliyesahau miwani, mimi ninayo ya akiba kwenye mkoba.